Bakuli la Mfenesi

Siwema alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalizungusha taratibu, kisha akalinusa.

"Fundi, wewe! Linanukia kama uani kwa mama. Mkono wako una baraka, wallahi."

Mwajabu akainama, akajifanya anafuta patasi. Bakuli lilikuwa zuri kweli: kitako chembamba, tumbo limejaa bila kuvimba, ukingo laini kama wa kikombe. Ila halikutoka kwenye gogo aliloletewa na Siwema, lile la mfenesi uliopandwa na marehemu mama yake. Gogo lile aliliharibu kwa tamaa ya uzuri. Kila ukingo ulipopendeza alitamani uwe mwembamba zaidi, akakereza, akakereza, hadi bakuli likapasuka kwenye mashine ya kukerezea. Basi akatafuta gogo jingine la mfenesi, akanyamaza.

"Mwanangu atanywea uji humu," Siwema akasema. "Bibi hakuwahi kumbeba, basi walau amlishe."

Hapo Mwajabu akashindwa. "Dada Siwema, nisamehe. Hilo si la mti wa mama. La mama lilinipasukia, na vipande nikavichoma jikoni kwa aibu."

Siwema aliliweka bakuli mezani, akapiga magoti chini ya mashine, akatandaza khanga yake, akaanza kuzoa maranda.

"Nionyeshe ya mama ni yapi."

Mwajabu akapiga magoti kando yake, akatia mikono yote miwili kwenye lundo. Maranda yote, ya mama na ya gogo jingine, yalikuwa ya manjano yaleyale.