Kumbe ni Damu

Daktari aliisoma mara mbili barua iliyotoka maabara ya Ulaya, kisha akapiga meza kwa furaha.

"Si uchawi, bibi! Ni damu."

Mbele yake walikaa Zeyana, mwenye mimba ya miezi saba, na bibi yake. Bibi alizaa mabinti watatu, akawazika wote, kila mmoja siku chache baada ya kujifungua, mguu mmoja umevimba na kung'aa kama uliopakwa mafuta. Kwa miaka kumi Bagamoyo ilinong'ona kwamba amewala wanawe.

"Damu yenu imepungukiwa na kitu kinachoizuia isigande ovyo," daktari alieleza. "Upungufu huo mnarithishana. Zeyana tutamchoma sindano mpaka amalize arobaini."

"Hafi?"

"Safari hii tumewahi, bibi."

Bibi aliinuka, akafungua mlango. Barazani walikaa wajukuu zake wanne waliomsindikiza mwenzao.

"Ingieni nyote!" alipaza sauti, hospitali nzima isikie. "Kunjeni mikono mpimwe damu! Kumbe sikuwaua mama zenu!"