Mwaka wa Kuanzia

Kwenye mashini ya Rumonge jina la Beatrisi lilikuwepo. Kwenye ile ya Bujumbura halikuwepo. Mara ya tatu sasa.

"Kwa hiyo huko Bujumbura mimi nimeshakufa?" aliuliza mama huyo, mkoba mapajani.

"Mashini ndiyo imekuua, mama," Zena akamjibu. Hakucheka.

Zena alijifundisha kazi ya kompyuta mwenyewe, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sasa alikuwa fundi wa shirika linalosajili mashamba ya wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania. Programu ya usajili ilikaa ndani ya makontena, yale masanduku ya kidijitali, na zana mbili ziliyawasha: moja hapa, nyingine makao makuu. Kila zana ilisoma faili lake la mipangilio: nywila, anwani ya hifadhidata, mwaka wa kuanzia. La hapa lilisema 1972, mwaka watu wa ziwani walipokimbia mauaji. La Bujumbura lilisema 1993. Aliyekimbia kabla ya hapo alifutwa kimyakimya.

Mtu alikosea kunakili, walisema makao makuu. Miaka hamsini watu wa ziwani wanafutwa na watu waliokosea kunakili.

Leo zana zote mbili zingesoma faili moja.

"Mwaka utaandika wewe," alisema Hamidou, shefu wake, mkubwa wa ofisi. "Huko juu hakuna atakayeangalia. Lakini fikiri, dada. Ile michikichi ya mama huyu kule Kizuka iko na watu wengine sasa."

"Michikichi aliipanda baba," Beatrisi alisema. "Akachimba na kisima, akakizungushia mawe. Nilikuwa na miaka tisa tulipokimbia. Sijui kama bado kina maji."

"Kina," Zena alisema. "Matamu."

Hamidou alimtazama, kisha akatazama dirishani.

"Na waliomo ndani waende wapi?" aliuliza polepole. "Hawakuiba, Zena. Walipewa na serikali."

"Yeye alikwenda wapi?"

Zena akaandika 1972, akahifadhi. Akawasha zana ya kwanza, akawasha ya pili. Hakusikia kitu, kifua chake kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi kwa kulaliwa usiku kucha. Majina yakaanza kushuka kwenye orodha ya Bujumbura, moja moja, ya watu wa Gitaza, ya watu wa Kabonga. La Beatrisi likawa la kumi na nne.

Mashini ya kuchapa ikatema karatasi. Shamba ni lake. Wanaokaa humo watoke ndani ya siku thelathini.

Beatrisi akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Murakoze, asante sana, mwanangu. Mungu akupe nyumba nzuri."

"Haya, mama. Nenda salama."

Mlango ulipofungwa, Zena alimpigia simu mama yake mzazi.

"Anza kufunga vyombo," alisema. "Mwenye shamba amerudi."