Korongo na Okestra ya Vyura

Ndege chipukizi kutoka nchi saba walikusanyika bwawani kushindana katika kuongoza okestra ya vyura. Mshindi angepelekwa ng'ambo kusomea kazi hiyo kwa miaka mitatu. Zamu ya Korongo ilipofika, alisogea mbele kwa wasiwasi, kwani juzi tu alikuwa amemmeza mpiga zeze wa vyura hao. Je, wangekubali kumpigia? Lakini alipoinua bawa, vyura walipiga kwa umoja ambao haujapata kusikika bwawani, akatangazwa mshindi palepale.

Korongo alishusha pumzi ndefu. "Jamani, kumbe mmenisamehe!"

"Hongera sana, mwanetu," alisema Chura mpiga ngoma, huku wenzake wakimfungia mizigo haraka haraka. "Sasa, unaondoka leo hii, au tukuvumilie mpaka kesho asubuhi?"