Subira ya Idara

Jumatatu, tarehe 6 Julai 2071, ukungu mzito ulifunika Tukuyu. Mwalimu Atupakisye, mkuu wa idara ya hisabati, alivaa bangili yake ya ukuu, na kama sheria ilivyotaka, subira yake yote ikagawiwa walimu wanane wa idara. Tangu aanze ukuu, hakuna mwanafunzi aliyeitwa mbumbumbu, na ufaulu ulipanda.

Lakini kila jioni alirudi nyumbani mtupu, bila subira. Wiki iliyopita binti yake Tumpe alimwaga uji, naye mama akamfokea mpaka mtoto akahamia kwa bibi yake.

"Mama, darasani nafundishwa kwa subira yako," alisema akifunga begi. "Hapa siioni."

Leo muda wake wa ukuu ulikwisha. Alikuwa amemwomba Mungu ampe ujasiri wa kukataa kuongezewa muda.

"Usituache, mama," alisihi Mwalimu Mwaisaka mbele ya walimu wote. "Bila wewe mimi nitashika fimbo kabla ya saa nne!"

Wakacheka. Atupakisye alitazama dirishani. Tumpe, wa kidato cha tatu, alikuwa akiingia darasani kwa Mwaisaka.

Akainua mkono wenye bangili.

"Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi miaka mitatu mingine."