Dari Ambayo Fuko Hakuigonga

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakichimbiana nyumba, Fuko alikuwa mwanafunzi wa Mzee Muhanga. Mikono alikuwa nayo, akili alikuwa nayo, ila subira alinyimwa. Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: shimo likiisha, gonga dari yote kwa kichwa na usikilize. Ukiridhika, weka alama ya ukucha wako mlangoni, ndipo mwenye nyumba ahamie.

Fuko alipomaliza nyumba ya Bi Buku, njaa ilikuwa inamuuma. Akagonga pembe moja, akaweka alama.

"Umeigonga yote?" Muhanga akauliza.

"Yote, mwalimu. Naapa."

Moyoni akajisemea: mimi bado najifunza, uaminifu nitauanza nikihitimu. Utadhani uaminifu ni ndevu, zitaota zenyewe!

Mvua ya kwanza tu, dari ikaporomoka. Bi Buku alitoka. Wawili kati ya watoto wake hawakutoka.

Fuko alilia, na kweli akabadilika. Kila dari aliigonga mpaka utosi ukaota sugu. Mwaka wa mafuriko akachimba shimo kubwa kilimani, akaligonga mara saba, akawaita wenzake.

"Ingieni, jamani! Hili halianguki, naapa!"

Bi Buku akamtazama. "Hata lile uliliapia, mwanangu."

Akawageuza watoto aliobakiwa nao, na wengine wote wakamfuata kuteremka.

Shimo lile halikudondosha hata punje ya udongo. Fuko alikaa humo peke yake, mkavu, akiwasikia wenzake wanavyoitana majini.