Helikopta ya Mkubwa

"Ongeza matope," alisema Bwana Tai, akiiinamia helikopta ya urefu wa mkono. "Safi hivi, nani ataamini?"

Fundi alimeza kicheko. Wiki nzima alichonga udongo, akaumwagia mpira ulioyeyushwa kupata kalibu, akamimina plastiki ya maji ndani yake hadi ikaganda: mlango, mkia, pua, kila kiungo kwa mkono wake. Sasa huyu mbeba mikoba wa ofisi kuu anataka kazi hiyo ipakwe matope! Lakini mkubwa hakosei, husahau tu.

"Mtoto wa mkubwa atafurahi," alisema Fundi. "Anatimiza miaka mingapi?"

Bwana Tai alikohoa. "Mlango uwe wazi. Ndani weka machela."

"Mtoto acheze na machela?"

"Na hapa juu toboa, tupitishe uzi."

"Aha, aining'inize chumbani. Si bora nitie kamota, iruke kidogo?"

"Kuruka si lazima. Muhimu ionekane."

Naam. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyu angerithi ofisi ya baba yake bila hata kukunja mikono ya shati.

Simu ililia. Ni mama yake Fundi, ng'ambo ya mto, ambako maji yalikuwa yameingia jikoni bila hodi.

"Yamefika kitandani, mwanangu. Jogoo nimempandisha kabatini, ananikodolea macho kama mimi ndiye niliyeita mvua."

"Mama, boti ikija, panda. Usisubiri mtu."

"Na jogoo?"

"Mama!"

"Haya, baba, haya. Nitapanda."

Alipokata simu, Bwana Tai alikuwa amekwisha kuikumbatia helikopta. Ndipo Fundi alipokiona: kiputo cha hewa kilikuwa kimenaswa kwenye kalibu, kikaacha kipele juu ya pua. Roho ikamuuma kama mama wa bibi harusi aliyeamka na chunusi.

"Niachie hadi kesho, pua niimimine upya."

"Hakuna kesho. Kwa mbali nani atakiona?"

Akaifunika kwa koti, akatoka nayo kama mwizi wa kuku.

Kesho yake alasiri mama alipiga tena. Sauti ilikuwa imechangamka, mvua ikipiga ngoma nyuma yake.

"Boti imefika, mama?"

"Imefika, imeondoka. Nafasi yangu nimempa jirani mwenye mapacha."

"Umempa? Sasa wewe uko wapi?"

"Juu ya paa, na jogoo. Usinigombeze! Kweli wamesema ile ndiyo boti ya mwisho, lakini sisi tuliobaki tunafuatwa na helikopta. Mkubwa mwenyewe kaitangaza kwenye habari, tumeiona kwenye simu ikiwa angani, machela i mlangoni. Nzuri, mwanangu! Ila ina kipele puani."