Bembea ya Mgomba

"Kamba ya mgomba, mwanangu?" Jaji mkuu alicheka, na tumbo lake likacheka naye. "Hiyo si ya kufungia mchicha tu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kokusima alikuwa ameliomba shindano la biashara la vyuo limpe mtaji wa kiwanda cha kusokota kamba, na sasa aliona ndoto yake inageuka kichekesho. Akaonyesha bembea ya kamba hiyo aliyoifunga kwenye boriti tangu asubuhi.

"Basi karibu ukae, mzee."

"Nikianguka?"

"Mtaji mpe mwingine."

Jaji akavua viatu, akaketi, akajisukuma kwa miguu. Kamba ikalia kriii. Pandikizi lile la mtu lilipaa, likarudi, likapaa tena, na kamba imenyooka tu, haikukatika hata uzi mmoja. Mwenye kengele ya muda alisahau kuipiga.

"Nisukume kidogo, mwanangu," jaji alisema taratibu.

Kokusima akamwekea mikono mgongoni, akasukuma, na soksi za mzee zikapanda kuelekea kwenye mwanga wa madirisha.